Inspekta Ngosha Hakai Hapa

Nimeshuka Todmorden saa nne na robo asubuhi.
Mvua ya Uingereza ikanipokea kama mgeni wa siku ya tatu,
nusura inipe jembe.

Miaka sita nimeshona sare za shule, kola kwa kola,
na kila sare ya kumi nikaihesabu hatua moja
kuelekea mlango wa kijani, namba kumi na tisa.

Mlango ni wa bluu.
"Waliupaka mwaka juzi," ananiambia kijana wa Bergen
mwenye tatuu ya filimbi ya polisi shingoni.
Tuko saba chini ya miavuli. Mke na mume kutoka Osaka
wamevaa makoti marefu kama lile la Inspekta,
mifuko imetuna vilevile upande wa kushoto.

Mume akafumba macho, akatamka ile sentensi,
ile ya kando ya mfereji, goti likiwa topeni.
Wote wakaitikia kama watu kwenye dua.
Mimi nikabaki na mdomo wazi.
Sijawahi kuisikia.

Kwetu Kichangani, Morogoro, kwenye banda la Kidevu,
shilingi mia, benchi lenye msumari mmoja mkaidi,
mkanda ulikuja na sauti ya Shabani Kanyeza juu yake.
Kanyeza hakuwa na Kiingereza cha kujaza kijiko.
Alitazama vidole, alitazama midomo, akatafsiri mashavu.
Inspekta Garside akambatiza Ngosha,
"maana mwanamume mpole namna hii lazima kwao Shinyanga."
Mvua ya hapa akaiita masika.
Mfereji akauita Ngerengere, nasi tukaujua.
Na Ngosha alipomfunika yule binti kwa koti lake,
Kanyeza alinyamaza, tukasikia jenereta peke yake,
kisha akasema:
"Lala, mwanangu. Nitawaambia kwenu kwamba hukuogopa."

Banda zima lililia. Hata Kidevu mkata tiketi,
aliyekuwa hamlilii mtu.

Miaka kumi baadaye, hospitali ya mkoa, wodi ya tatu,
sentensi hiyo nilimwambia mdogo wangu Mwanjaa.
Sikuwa na nyingine.

Sasa namwuliza kijana wa Bergen: Mjapani kasema nini?
Ananieleza polepole, kwa Kiingereza cha mikono.
Garside alisema: "Pigeni simu kituoni. Waambieni walete taa."

Basi.
Walete taa.

Mlango ukafunguka. Mama mmoja, taulo kichwani,
sanduku la chupa tupu mkononi,
akasema neno ambalo hata Kanyeza asingelikosea:
tumemzibia njia.
Tukapisha. Akapita katikati yetu
bila kujua ametoka nyumbani kwa nani.

Nikaufuata mfereji mpaka kwenye daraja la mawe.
Nikamtumia Kanyeza ujumbe wa sauti
(siku hizi anauza vipuri vya pikipiki Msamvu),
nikamweleza kuhusu taa.
Jibu likaja na kelele za honi nyuma yake:
"Walete taa? Taa za nini, na binti keshakufa?"
Akacheka. Akakohoa. Akauliza kama huko kuna baridi.

Bata wawili walikuwa wanagombania ganda la mkate.
Nikapiga goti pale pale, sketi ikalowa,
nikaisema yangu, kwa sauti, kwa lugha yetu,
kwa binti wa mkandani, na kwa Mwanjaa, ambaye hakuwahi kuliona hilo banda
kwa sababu mama alisema bado mdogo.

Nilipoinuka, yule mke wa Osaka alikuwa nyuma yangu.
Hakuwa na Kiswahili. Kiingereza changu kilikuwa kimeloa.
Akagusa kifua, akainua nyusi:
umesema nini?

Nikatazama vidole vyake kwanza.
Nikatazama mashavu.
Kisha nikaanza kutafsiri.